Upande wa Pili Bado Mweusi

Vinanda vya kutia ufunguo, sahani za santuri na albamu za zamani zina jambo moja ambalo simu ya mkononi haina. Mwandishi alilijua Mji Mkongwe, usiku, kisiwa kizima kikiwa gizani.

Umeme wa Unguja hupita chini ya bahari. Waya huzama Ras Kiromoni, upande wa bara, ukaibukia Fumba, kusini-magharibi ya kisiwa. Desemba 2009 njia hiyo ilipata hitilafu, kisiwa kikakaa gizani karibu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Wenye jenereta waliziwasha, vichochoro vya Mji Mkongwe vikajaa moshi. Wasiokuwa nazo tulirudi kwenye mishumaa, karabai na ndoo za maji.

Usiku mmoja Bibi, aliyekwishachoshwa na ngurumo za jenereta ya jirani, alituita wajukuu akatuamrisha: "Kiteremsheni kile kinanda."

Kwa Bibi, kinanda hakikuwa kile chenye meno meupe na meusi. Kilikuwa mashine ya santuri ya baba yake, iliyolala darini chini ya majamvi tangu sijazaliwa. Tulikishusha watu wawili kwenye ngazi ile ya kusimama wima, taratibu, kama tunamteremsha mgonjwa. Hakikuwa na tarumbeta kubwa la shaba kama vinavyochorwa kwenye kadi za watalii. Kilikuwa sanduku jeusi mfano wa begi la safari, lenye mkono wa kuzungushia ubavuni. Pamoja nacho zilikuwapo sahani tano. Tatu zimepasuka, moja ya nyimbo za Kihindi, na moja Bibi aliipokea kwa mikono miwili.

Kikatiwa ufunguo. Sindano ikashuka. Kwanza ukaja mkwaruzo, kama mafuta ya moto yanapopokea sambusa. Nyuma ya mkwaruzo, udi. Nyuma ya udi, mwanamke.

"Huyo ni Siti," Bibi akasema.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba. Nimelifikiri hilo mara nyingi tangu usiku ule: umeme wa kutoka Fumba umezimika, na sauti ya kutoka Fumba inawaka.

Hazikupita dakika tatu, wimbo ukasita, sahani ikabaki inazunguka bure. Nikanyoosha mkono niigeuze.

"Usigeuze kwanza," Bibi akanizuia. "Mmesikia alivyosema?"

Tulikuwa tumesikia sauti tu. Basi akaanza kutufungulia fumbo moja moja: neno hili limeelekezwa kwa nani, lile linamuuma nani, na kwa nini waliokuwapo siku zile walicheka wakaziba midomo kwa kanga. Jirani wa dirisha la pili akaingia kwenye maneno kutoka huko huko kwake. Alikuwa na maelezo tofauti, na hakuwa tayari kuyaacha. Kahawa ikaisha, mshumaa ukaisha, tukalala. Upande wa pili haukuchezwa.

Asubuhi, kwenye mwanga, niliitazama ile sahani. Upande wa kwanza ulikuwa umesagika mpaka ukawa wa kijivu kama jivu la mkaa. Wa pili ulikuwa mweusi, unang'aa kama ngozi ya biringani. Nikamuuliza Bibi sababu. Akacheka, akanijibu: "Kamuulize baba yangu."

Baba yake alikwishatangulia mbele ya haki kabla ya Mapinduzi ya 1964.

Kutoka Fumba mpaka Bombay

Wasifu wa Siti binti Saad unajulikana kwa wasomaji wengi, kwa sababu Shaaban Robert aliuandikia kitabu na vizazi vya wanafunzi vikausoma. Alizaliwa karibu mwaka 1880, mtoto wa watu wa kazi, akauza vyungu, akaingia mjini mwaka 1911. Taarab aliyoikuta ilikuwa imekwisha kupanda ngazi za majumba makubwa. Sultani Barghash ndiye anayetajwa kuileta ladha ya Misri katika kasri lake, akampeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza, na mwaka 1905 kikundi cha Ikhwani Safaa kikaanzishwa mjini. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Siti akaja kuziimba kwa Kiswahili, na usiku hadi usiku nyumba yake ya Ng'ambo ikajaa watu waliokuja kusikiliza mambo ya mtaa, ya mahakama na ya mapenzi yakitiwa katika vina.

Mwaka 1928 akasafiri kwenda Bombay kurekodiwa na kampuni ya Gramophone, wenye chapa ya HMV, ile ya mbwa anayesikiliza tarumbeta. Katika kundi lake walijulikana watu kama Subeti bin Ambari, Mbaruku, Buda na Maalim Shaaban. Kampuni ilikuwa inabahatisha, maana hakuna aliyekuwa na hakika kama Waafrika wa pwani watanunua santuri za lugha yao. Sahani zilipofika, zikanunuliwa kuliko ilivyotarajiwa, na haukupita muda kampuni nyingine, kama Columbia na Odeon, nazo zikaanza kuzitafuta sauti za pwani.

Bahati ya pili ya Siti ilikuwa wakati wenyewe. Mpaka miaka michache kabla yake, mwimbaji alikuwa akiimba ndani ya mdomo wa tarumbeta, na nguvu ya pumzi yake ndiyo iliyochonga nta. Mwaka 1925 mikrofoni ikaingia katika kazi ya kurekodi. Kwa hiyo aliposimama kuimba Bombay, chombo kilichokuwa mbele yake kiliweza kunasa hata pumzi anayovuta kabla ya ubeti. Ukiketi karibu na kinanda, pumzi ile unaisikia. Imevutwa karibu miaka mia iliyopita.

Wachache waliweza kununua kinanda, lakini waliokisikia walikuwa wengi. Mwenye nacho alikiweka ukumbini na dirisha wazi. Mwenye mkahawa alikiweka mezani, na bei ya kikombe ilikuwa ndiyo tikiti. Watu walikaa barazani, wakasikiliza, wakabishana. Chombo cha mtu mmoja kikawa cha mtaa.

Dakika tatu, halafu?

Sahani za wakati ule zilitengenezwa kwa lak, utomvu mgumu unaotokana na wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti, hasa India. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani ya inchi kumi uliweza kubeba wimbo wa dakika tatu hivi. Sasa mwambie mtu wa taarab aimbe dakika tatu! Kwenye shughuli, wimbo mmoja hula robo saa bila taabu: vyombo vitangulie, ubeti urudiwe, mwimbaji akae juu ya neno moja mpaka mtu ainuke na noti kumtunza.

Studio haikumtunza mtu. Wimbo ukapunguzwa, au ukakatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili. Watafiti huliona jambo hilo kuwa kasoro, kwamba mashine iliukata wimbo mbawa. Kweli iliukata. Lakini mimi nikiwa nimekaa na sahani ya kijivu na nyeusi mkononi, nimeona jambo jingine.

Hebu fikiria kazi iliyopo baina ya upande na upande. Lazima mtu ainuke. Anyanyue mkono wa sindano, aitoe sahani, aigeuze. Sindano ya chuma nayo ibadilishwe, kwani iliundwa kucheza upande mmoja au miwili kisha itupwe. Ukiing'ang'ania, huanza kuila sahani. Halafu kinanda kitiwe ufunguo upya, maana springi imekwisha kulegea, na isipokazwa Siti atamalizia wimbo kwa sauti ya mwanamume. Yote hayo huchukua dakika mbili au tatu, sawa na urefu wa wimbo wenyewe.

Katika dakika hizo chumba kiko kimya, watu wanane wamekaa, na wote wamemaliza kusikia fumbo lile lile. Atatokea wa kusema. Akisema mmoja, wa pili atapinga. Huo ndio mwanya ambao kampuni ya HMV iliuuza bila kujua kama inauuza. Taarab ni sanaa ya kusema bila kutaja, na aliyepigwa fumbo hujulikana pale wimbo unaposita. Kanda ndefu hairuhusu. Ubeti unaofuata huja kabla hujaumeza wa kwanza. Simu ndiyo kabisa: wimbo haujesha, mwingine wa mtu usiyemjua umeshaingia kuchukua nafasi yake.

Sasa naamini najua kwa nini sahani ya baba yake Bibi imechakaa upande mmoja. Ulichezwa upande wa kwanza, baraza likaanza kubishana, kahawa ikaisha, na kesho yake watu waliporudi ilibidi waanze mwanzo ili mabishano yawe na ushahidi. Upande wa pili uliambulia zile siku chache walizokubaliana.

Sahani ndogo, sahani kubwa

Sahani ya vinili inayozunguka mara 33 na theluthi ilitoka Marekani mwaka 1948, na mwaka uliofuata ikaja ndogo ya mzunguko wa 45. Ile kubwa ilibeba zaidi ya dakika ishirini kila upande, na hapo ndipo ilipozaliwa albamu tunayoijua: nyimbo zilizopangwa kwa mfuatano, jalada lenye picha, maelezo ya kusoma huku unasikiliza.

Huku kwetu sahani ndogo ndiyo iliyotamba. Wimbo mmoja huku, mmoja kule, bei inabebeka. Mombasa ilikuwa na lebo ya Mzuri, na kwa mlango huo zilitoka kazi za vikundi vya Tanga kama Black Star na Lucky Star, vilivyoifanya taarab icheze mwendo mwepesi wa gitaa na kumvuta hata asiyejua maana ya udi. Kwenye maduka ya pwani, Tanga na Mombasa zilikaa rafu moja na Bombay na Cairo.

Cairo ilikuja kwa sahani kubwa. Umm Kulthum alikuwa mgeni wa nyumba nyingi za Unguja kwa redio kwanza, katika matangazo ya Alhamisi ya mwanzo wa mwezi, kisha kwa santuri. Februari 1964 aliimba kwa mara ya kwanza "Inta Umri", wimbo uliotungiwa muziki na Mohammed Abdel Wahab. Wimbo mmoja, albamu nzima. Na hapa tena mashine ikadai haki yake: bibi yule mwenye uwezo wa kuushika ukumbi wa Cairo kwa saa nzima, sebuleni kwako anasita, nawe unainuka umgeuze. Mwanya ule ule, ila sasa mabishano ni juu ya makamu, yaani ngazi za sauti, na fidla.

Mwezi mmoja kabla ya usiku ule wa Cairo, Unguja ilipinduka. Miaka ya baada ya Januari 1964 watu waliondoka kwa makundi, wengine Uingereza, wengine Ghuba, na baada ya mwaka 1970 Oman ilipofungua milango kwa wenye asili yake, wengi zaidi wakaenda Muscat. Santuri si mzigo wa mkimbizi. Ni nzito na inavunjika. Nyingi zilibaki kwa majirani, kwa wajomba, darini. Ndiyo maana mpaka leo unaweza kukuta Malindi au Kiponda kabati la nyumba moja lina sahani za nyumba tatu, na jina la mtu asiyekuwapo limeandikwa kwa wino kwenye karatasi ya katikati.

Kisha ikaja kaseti, iliyobuniwa na Philips mwaka 1963, na kwenye miaka ya themanini ikaimiliki pwani yote. Siidharau kaseti. Ilikuwa rahisi, ilibeba harusi nzima, na ilivuka bahari kwenda Muscat ndani ya mfuko wa kanzu. Lakini sindano ilipokaa kimya, fundi wa vinanda naye akatafuta kazi nyingine.

Albamu za kukaa nazo

Msomaji anayetaka kuanza kusikiliza upya, aanzie wapi? Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya hazina yetu imehifadhiwa mbali. Mwaka 1988 kampuni ya GlobeStyle ya London ilikuja Unguja kurekodi, zikatoka albamu nne za mfululizo wa "The Music of Zanzibar". Ya pili ni ya Ikhwani Safaa na ya nne ni ya Culture Musical Club. Hizo zilitoka kwenye vinili pia, na ndizo ninazompa mtu anayeniuliza sahani kubwa ya kwanza. Okestra imejaa: fidla zinatembea pamoja kama wimbi, kanuni inadondosha maji, akodiani inavuta pumzi. Zisikilize kwa mpangilio wake, usirukie wimbo. Aliyepanga nyimbo zile alikuwa na sababu.

Mwaka 2005, Ikhwani Safaa ilipotimiza miaka mia, mfululizo wa "Zanzibara" ulianza kutoka Ufaransa kwa albamu ya kikundi hicho. Toleo la pili likaenda Mombasa ya miaka ya 1965 hadi 1975, na la nne likamhusu Bi Kidude. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa akiziimba nyimbo za Siti, na ni zoezi zuri kumsikiliza yeye kisha Siti mwenyewe. Sahani za zamani za lak zilizomo katika maktaba ya taifa ya Uingereza zilichaguliwa zikatolewa mwaka 2007 katika "Poetry and Languid Charm", mkusanyo wa muziki wa Kiswahili wa Tanzania na Kenya tangu miaka ya ishirini mpaka hamsini.

Mtu akizisikia hizo, hushangaa. Siti tuliyeambiwa na wazee, Siti wa vitabu na wa picha ukutani, ni bibi mkubwa, mzito, mwenye heshima. Siti wa kwenye sahani ana haraka. Sauti iko mbele, kali, inacheza. Vyombo ni vichache, udi na fidla na ngoma, na vinamfukuza kwa kasi. Kumbukumbu ilikuwa imempunguzia mwendo. Wimbo unaopokewa kwa mdomo hubadilika kila unapopita, na hiyo ndiyo afya yake, lakini ni vizuri pawe na mahali pa kurudi kupima. Sahani haiongezi sifa wala haipunguzi.

Na ukipita Shangani, kwenye makumbusho ya Freddie Mercury yaliyofunguliwa mwaka 2019, kumbuka kuwa mji huu una haki pia katika sahani moja maarufu ya dunia. Farrokh Bulsara, ndiye Freddie mwenyewe, alizaliwa hapa Septemba 1946, familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964, na mwaka 1975 yeye na wenzake wa kundi la Queen wakatoa "A Night at the Opera". Wageni hupiga picha mlangoni. Ningependa kumwona mmoja wao amekaa akaisikiliza ile albamu pande zote mbili, hapa hapa, dirisha likiwa wazi na adhana ya magharibi bado haijaadhiniwa.

Kabla hujatoa pesa

Hamu hii ya kurudi kwenye sahani si yetu peke yetu. Marekani, mwaka 2022, sahani za vinili zilizouzwa zilizidi CD kwa idadi, jambo ambalo halikutokea tangu 1987. Nairobi kuna kibanda cha santuri Kenyatta Market ambacho wapenzi hukifuata kutoka ng'ambo. Hamu ikizidi, na ujanja huzidi. Kwa hiyo, machache niliyojifunza, mengine kwa hasara.

Kinanda chenye tarumbeta la shaba linalometameta, kibandiko cha mbwa kisichochubuka na bei ya mtalii, kwa kawaida kimeundwa juzi India kwa ajili ya pambo. Vinanda vingi halisi vilivyotumika kwenye nchi za joto vilikuwa vya begi, kama ile HMV 102 iliyoanza kuuzwa mwaka 1931. Kabla ya kununua, omba kitiwe ufunguo na kichezwe mbele yako mpaka mwisho wa sahani. Springi iliyochoka itajisema yenyewe.

Mashine ya umeme kutoka Marekani ina mtego. Volti unaweza kuzirekebisha kwa transfoma, lakini umeme wa kule hupiga mara 60 kwa sekunde na wetu mara 50. Mota za zamani zinazofuata mapigo hayo zitazunguka kwa mwendo wa chini, na sahani ya 33 itakwenda kama 28. Nilinunua moja bila kujua, nikakaa wiki nzima nikidhani mwimbaji alikuwa na msiba.

Sahani ya lak usiicheze kwa sindano ya vinili. Mfereji wake ni mpana karibu mara tatu. Sindano ndogo itayumba ndani yake na kusugua chini. Wala usicheze vinili kwenye kinanda cha ufunguo, maana uzito wa mkono wake utailima sahani kama jembe. Nyuma ya amplifaya kuna tundu lililoandikwa PHONO. Mashine ya sahani huchomekwa hapo. Ukiichomeka penye AUX utamsikia mtu anaimba kwa mbali, sauti nyembamba isiyo na besi.

Adui mkubwa Unguja ni hewa yetu wenyewe. Chumvi ya bahari hula nyaya na miguu ya vipuri, unyevu wa masika hupandisha ukungu kwenye sahani na majalada, na mchwa hawajali kama karatasi ni ya gazeti au ya albamu. Simamisha sahani wima kama vitabu, usizilaze kwa mrundo, usiziweke ukuta wa jua. Za vinili zenye ukungu zioshe kwa maji safi na sabuni laini, ukiikinga karatasi ya katikati. Spiriti usiiguse kabisa kwenye lak: inaiyeyusha. Nimeona mtu akimfuta mwimbaji kwa pamba, kwa mapenzi yote.

Vilivyobaki mwachie fundi redio. Mji huu bado unao, kwenye vibanda vya Ng'ambo vyenye harufu ya risasi ya kuchomelea. Mkanda wa mpira ukikauka, atautafutia mwenzake. Kapasita zilizozeeka zitabadilishwa. Sifongo la pembeni ya spika, ambalo kwenye joto letu huoza likawa unga, hubandikwa jipya. Fundi wangu ana tabia moja: akimaliza kazi hatoi risiti mpaka acheze sahani yake mwenyewe, upande mzima, na wewe umekaa kwenye kigoda. Mwanzo nilidhani ananipotezea wakati.

Jumamosi, kaskazi

Bibi hayupo tena. Kinanda kimekuja kwangu, na sahani moja. Springi ilikazwa upya, sindano naziagiza kwa mkebe, na kila Jumamosi ya pili ya mwezi wanakuja watu saba au wanane baada ya isha, wengine wa rika langu, wengine vijana wa chuo wanaojifunza udi na kanuni. Kahawa chungu, kashata, dirisha wazi.

Mwezi uliopita alikuja mpwa wangu, msichana wa miaka kumi na tisa ambaye nyimbo zake zote ziko masikioni mwake peke yake. Alikaa karibu na mlango, kama mtu atakayeondoka. Nikatia ufunguo. Mkwaruzo, udi, mwanamke. Ukasita.

Nikainuka kugeuza.

"Mjomba, ngoja," akasema. "Hapo mwisho amemwambia nani?"

Mzee mmoja wa Kikwajuni akamjibu. Mwanafunzi wa udi akasema hapana, mzee kakosea, neno lile kwa Kiunguja cha zamani lilikuwa na maana nyingine. Mzee akakiweka kikombe chini. Mpwa wangu akavuta mkeka akasogea katikati, akaomba uchezwe tena upande ule ule, ili ahakikishe. Ukachezwa. Hakuhakikisha. Ukachezwa tena.

Walipoondoka ilikuwa saa sita kasoro. Niliitoa sahani nikaifuta kwa kitambaa kikavu, kwanza ule wa kijivu, kisha nikaugeuza ule mwingine. Taa ya dari ilionekana ndani yake.